Mume anasema mbwa hawezi kupata fizio wakati mama yake anaumwa magoti

Shikamoo dada Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa mjini na nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Naomba usichapishe jina langu, maana ninachokuandikia nikikisema kwenye kikoba chetu nitachekwa mpaka mwaka uishe.

Tatizo langu ni mbwa. Najua. Ila nisome mpaka mwisho kwanza.

Jeki ni chotara wa mbwa wa Kijerumani, wale wanaotumiwa na polisi. Mume wangu alimnunua akiwa mtoto baada ya wezi kuingia bandani. Sasa ana mwaka na miezi, mkubwa, kifua kipana, na wapita njia wanahamia upande wa pili wa barabara wakimwona. Tulimlea vizuri: ugali, dagaa, mifupa, maziwa, na vidonge vya kalsiamu alivyotuambia aliyetuuzia, ili mifupa ikomae haraka.

Tangu mvua za masika ziishe ameanza kuchechemea mguu wa mbele. Asubuhi akiamka anatembea kama mzee. Akishachangamka anaonekana sawa, lakini jioni akicheza mpira na mwanangu wa kidato cha pili, anarudi kachechemea vibaya kuliko asubuhi. Mguu ni wa kulia. Nimemwangalia sana: kila akiukanyaga huo, kichwa kinainama. Mwanangu anabisha, anasema bega la kushoto ndilo limekonda. Nikamwuliza, likonde kwa sababu gani na ndilo zima? Halafu Jeki halii. Ukimshika anageuka tu kukutazama, analamba midomo, basi. Anakula vizuri. Kwa hiyo naona maumivu si makali, ni mguu tu haujakaa sawa.

Bwana mifugo wa kata alikuja akamdunga sindano. Jeki akakimbia kama hajawahi kuumwa, kisha hali ikarudi. Akadungwa tena, ikawa vilevile. Baada ya hapo mume wangu akakataa kulipia nyingine. Katikati ya hayo mama mkwe, tunayeishi naye, akawa anampa diklofenaki zake ndani ya kipande cha nyama, kwa huruma tu. Jirani yetu ambaye ni mtu wa fiziotherapia hospitalini naye akajitolea: anamkanda lile bega la kulia, na amemfundisha mwanangu kumkanda kwa taulo la maji ya moto. Mbwa anawavumilia.

Kisha daktari mmoja wa mifugo kutoka Dar, aliyekuwa mjini kwa shughuli zake, alimwona Jeki akiwa amekaa uani. Akasema huenda ni kiwiko, kwamba mbwa wa aina hii wengi hukua na viwiko vibovu, na pengine atahitaji kupasuliwa. Akataja gharama. Sitaiandika hapa.

Binti wa marehemu dada yangu anaishi Uingereza, anatunza wazee. Nilipomsimulia akasema huko mbwa wana fizio wao, wanatembezwa ndani ya maji, wanapimwa mwendo kwa mashine. Akasema yuko tayari kutuma pesa nitafute mtaalamu wa namna hiyo, hata kama ni kumtoa Nairobi. Nilifurahi, nikalisema mezani wakati wa chakula cha usiku.

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Mama anaumwa magoti huu mwaka wa ngapi? Nani amemwitia fizio? Leo mbwa ndiye wa kuletewa fizio kutoka Nairobi?" Mama alikuwa amekaa pale pale. Akacheka, akasema "niacheni mimi na uzee wangu", lakini chakula hakumaliza.

Toka siku hiyo mume wangu ametoa njia mbili. Jeki aende kwa shemeji yangu Mufindi akalinde shamba la miti, au apigwe sindano ya kumlaza moja kwa moja, kwa sababu mlinzi anayechechemea ni kuwakaribisha wezi. Mwanangu haongei na baba yake. Mimi nina akiba kidogo kwenye kikoba, haikupangiwa mbwa, na nina ahadi ya huyu binti ambayo mume wangu anaiona kama tusi.

Nichukue pesa za binti nimwite huyo fizio? Nimpeleke akapasuliwe? Nimwache aende Mufindi? Au ni kweli nimefika mahali pa kumthamini mbwa kuliko mama mkwe wangu?

Mama Kuku, Iringa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Sijacheka. Barua zinazokuja hapa kuhusu wanyama huwa zina watu wengi ndani yake, na yako ina mume, kijana, bibi, jirani na binti aliye ng'ambo, wote wamemzunguka mbwa mmoja.

Umeniuliza maswali manne. Mimi naona mambo mawili yaliyofungwa pamoja bila kupenda: mguu ambao mpaka leo hakuna aliyeuchunguza kikamilifu, na maneno yaliyosemwa mezani mama akisikia. Niliketi na daktari wa mifugo ninayemwamini pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea mbwa, nikawasomea barua yako bila kutaja mji. Wote wawili walinisimamisha kwenye sentensi ileile.

Ni ile ya kichwa kinachoinama. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Mguu mmoja wa mbele unapouma, hutumia kichwa na shingo kuupunguzia mzigo: mguu mgonjwa unapogusa ardhi anainua kichwa juu, na mguu mzima unapopokea uzito kichwa kinashuka. Kichwa huinama kwenye mguu mzima, mdogo wangu. Kosa la kuunyooshea kidole mguu mwingine hufanywa na watu wengi sana, kwa sababu macho yetu yanaona kuinama tunadhani ndiko kuumia. Sasa urudie kusoma alichokuambia mwanao kuhusu bega la kushoto. Msuli hukonda pale ambapo mnyama ameacha kuutumia.

Sisemi kijana ameshinda kesi. Inawezekana miguu yote miwili inauma na mmoja umezidi, jambo la kawaida kabisa kwenye magonjwa ya kiwiko, maana mara nyingi hushika pande zote mbili na mwenye mbwa huona ule ulio hoi zaidi. Inawezekana pia chanzo kiko shingoni, au hata mguu wa nyuma unaomfanya ausukume uzito mbele. Ninachokuuliza ni hiki: bwana mifugo, jirani na yule daktari wa Dar, waliambiwa na nani kwamba ni mguu wa kulia? Kama jibu ni wewe, basi huenda wote walianza kazi kutoka kwenye neno lako na si kutoka kwa mbwa.

Hili unaweza kulifanyia kazi bila senti. Mpe mwanao simu, wewe shika kamba. Kamba iwe imelegea, kwa sababu ukiivuta unamzuia kichwa. Chagua mahali pagumu na tambarare, lami au sakafu ya saruji, sio nyasi. Mtembeze polepole, kisha kwa mwendo wa mchakamchaka, akirekodiwa akija kwa mbele, akipita ubavuni, na akienda akionekana kwa nyuma. Kisha itazameni video kwa mwendo wa taratibu. Rekodini na asubuhi anapoinuka, kwa kuwa mbwa wengi wakifika kliniki huwa wamejaa wasiwasi na hutembea kama askari wa gwaride, daktari asione kitu.

Jambo la pili nililotaka tulitazame pamoja ni kwamba "halii". Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu kwa kawaida halii. Anageuza kichwa kuutazama mkono unaomshika, analamba midomo, anapiga miayo, anabana pumzi, anarudisha masikio nyuma, anakataa kukaa vizuri. Mawili ya kwanza umeyaandika mwenyewe. Kula vizuri nako hakutuambii mengi, maana mbwa wa umri huo hula hata akiwa na shida. Sikuambii haya ili ujilaumu. Nakuambia ili neno "si makali" tuliweke pembeni hadi mikono ya mtu anayejua imempitia.

Na hapo ndipo fizio anapoingia, lakini pengine si kwa namna uliyoifikiria. Katika barua yako fizio ni mtu wa kukanda, au mtu wa mashine za Uingereza. Kazi yake ya kwanza ni kuchunguza, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo haina mashine yoyote. Huanza kwa maswali: lini ilianza, alianguka, huzidi saa ngapi, analala kwenye nini, sakafu ya ndani ni vigae vinavyoteleza? Kisha anamtazama mbwa bila kumgusa. Akisimama, uzito ameuweka wapi, na unyayo umegeukia nje? Akikaa, kiwiko kiko ubavuni au kimetupwa? Anainukaje? Anatazama kucha pia, kwa sababu mguu unaoburuzwa kucha zake hulika zaidi, na ule usiokanyaga sawasawa kucha zake hurefuka.

Ndipo mikono inaanza, kwa utaratibu. Mbwa akiwa amesimama, mikono miwili inashuka kwa pamoja kutoka shingoni hadi miguuni, kulia na kushoto, kulinganisha joto, uvimbe na unene wa misuli. Utepe wa fundi cherehani hupima mzunguko wa mkono wa juu pande zote mbili mahali palepale. Wengine huweka mizani miwili ya kupimia watu, kila mguu wa mbele na wake, waone unaokwepa uzito. Kisha mbwa analazwa ubavu, na mchunguzi anaanza na mguu unaodhaniwa mzima, akienda kutoka chini. Katikati ya vidole, kwenye kucha, chini ya nyayo: mwiba, kipande cha chupa, ukucha uliopasuka. Mambo haya madogo yamewahi kuwapeleka watu eksirei bure. Halafu kifundo, mifupa miwili ya chini, kiwiko, mfupa wa juu, bega. Kila kiungo kinakunjwa na kunyooshwa taratibu, na nyuzi za pembe yake hupimwa kwa kifaa chenye mikono miwili. Kwa mbwa wazima wa aina ya Labrador waliopimwa katika utafiti, kiwiko hukunjika hadi kama nyuzi 36 na kunyooka hadi kama 165. Kiwiko kigonjwa hupoteza nyuzi pande zote mbili, na mara nyingi mbwa hukataa kukunjwa kabla mwenye mikono hajahisi kizuizi.

Bega lina siri yake. Sisi binadamu tuna mtulinga unaouunganisha mkono na kifua kwa mfupa. Mbwa hana kiungo hicho. Mguu wake wa mbele umeshikwa kwenye kiwiliwili kwa misuli na kano peke yake, ndiyo maana msuli mmoja ukiumia mwendo mzima unabadilika, na ndiyo maana fundi wa mabega ya watu anaweza kupotea kidogo akifika hapo. Mchunguzi huusukuma mguu nyuma huku kiwiko kikiwa kimenyooka, ili kuivuta kano inayopita mbele ya bega, akiigusa kwa kidole kuona kama mbwa atashtuka. Huufungua mguu kwa nje kuona kama bega limelegea. Mwishoni huja shingo na neva: mbwa anafuatishwa kipande cha nyama kulia na kushoto, na unyayo unageuzwa juu chini kuona ataurudisha haraka kiasi gani. Asiporudisha, safari ni ya daktari siku hiyohiyo.

Baada ya yote hayo fizio mwaminifu atakuambia, "Naona maumivu yako hapa, msuli umepungua kiasi hiki, kiungo kimepoteza nyuzi hizi." Hawezi kukuambia kuna nini ndani ya mfupa. Uingereza kwenyewe, alikosema binti, sheria inataka mnyama aonwe na daktari wa mifugo kwanza, na fizio afanye kazi chini ya maelekezo yake. Kwa hiyo ukimwita mtu kutoka Nairobi kabla daktari hajamchunguza Jeki, unaweza kulipia sehemu ya pili ya kazi wakati ya kwanza haijafanyika. Na mtu huyo akiwa mzuri, naye atauliza yuko wapi daktari.

Sasa jirani. Ana moyo mzuri na ana mikono iliyofundishwa, nami nisingependa umvunje moyo. Lakini mwombe apumzishe kukanda na taulo la moto mpaka ijulikane. Kama kiungo kimevimba, joto linaweza kukizidisha, na kama kuna mfupa wenye hitilafu, kukanda bega la upande mwingine hakumsaidii mtu. Tena Jeki anayewavumilia leo anaweza asiwavumilie siku wakiligusa lenyewe. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iko sawa? Kama haijulikani, hiyo itangulie, kwa ajili ya jirani na kwa ajili ya mwanao.

Kuhusu diklofenaki za mama, hapa sitazunguka: zisimwingie tena. Tumbo na figo za mbwa haziihimili dawa hiyo kama sisi, inaweza kumtoboa utumbo, na ibuprofeni ni vilevile. Panadoli nayo asipewe bila daktari wa mifugo kuamua na kupima dozi. Zile sindano sijui zilikuwa na nini, na wewe hukuandika. Mara nyingi sindano inayomfanya mnyama akimbie siku chache ni ya jamii ya steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, na steroidi ikikutana na diklofenaki hatari ya vidonda vya tumbo inapanda sana. Muulize bwana mifugo jina lake, kwa heshima. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, Jeki anatapika au ufizi umepauka, usisubiri ushauri wa gazeti.

Tuzitazame njia zako. Kusubiri siyo ujinga kama ilivyo kwenye masikio ya watu. Mbwa wakubwa wanaokua, kati ya miezi mitano na mwaka mmoja na nusu hivi, hupata maumivu ya mifupa mirefu yanayohama mguu hadi mguu, kisha hupona yenyewe. Jeki huenda bado yumo katika umri huo. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa kiwiko anapasuliwa bure. Hatari ya kusubiri ni kwamba kama ni kiwiko kweli, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linaendelea kulika kila jioni ya mpira. Kusubiri kwenye maana ni kwa kamba: matembezi mafupi, hakuna mpira, hakuna kuruka, mkeka kwenye vigae, na tarehe mliyokubaliana ya kuangalia tena. Kalsiamu aiache. Mbwa wa maumbo makubwa akiwa mdogo hawezi kuizuia inayozidi isiingie mwilini, na ikizidi huvuruga namna gegedu linavyogeuka kuwa mfupa. Aliyekuuzia alisema alichoambiwa na mwingine.

Ukimtazama kwa juu, kiuno kinaonekana? Mbavu unazihisi kwa vidole bila kubonyeza? Kama hapana, punguza ugali. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliofuata Labrador 48 maisha yao yote, nusu wakila robo pungufu ya wenzao: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na yabisi ya viungo iliwachelewa. Hakuna tiba ya viungo vya mbwa iliyo rahisi kuliko hiyo, na hakuna inayokataliwa zaidi, kwa sababu kwetu kumpunguzia chakula ni kama kumnyanyasa.

Njia ya uchunguzi kamili ipo, nayo haihitaji Nairobi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro ndicho kinachosomesha madaktari wetu wa mifugo, na kina hospitali ya wanyama. Piga simu kwanza uulize nani anaona mifupa na siku gani, na kama eksirei inafanya kazi. Eksirei nzuri ya kiwiko huhitaji mbwa atulizwe kwa dawa, na ni vizuri viwiko vyote viwili vipigwe ili kulinganisha. Ujue pia kwamba vipande vidogo vinavyomeguka ndani ya kiwiko mara nyingi havionekani kwenye eksirei. Sitiskani, ile mashine inayopiga picha za ndani vipande vipande, huviona vizuri zaidi. Gharama yake ni gari, kwani basi halitakupakia na mbwa, na zile kona za Kitonga si za mbwa kusimama nyuma ya pikapu akijishikilia kwa miguu inayouma. Alale, atandikiwe, mtu akae naye.

Upasuaji? Kwa kijana mwenye kipande kilichomeguka, kukitoa huweza kumpunguzia maumivu. Hauzuii yabisi isije baadaye. Una nusu kaputi, una wiki za kufungiwa, na baada yake ndipo fizio anahitajika kweli, kumrudishia msuli. Yule daktari wa Dar huenda amepatia, jicho lake limeona mengi. Lakini alimwona mbwa amekaa uani, na alisema "huenda". Wewe umelisikia kama hukumu.

Mufindi nako nisikudharaulie. Mbwa anayeishi shambani kwa utulivu, na shemeji anayejua ana mguu, anaweza kuwa na maisha mazuri. Ninachohofia ni shemeji kupewa mlinzi bila kuambiwa, ashinde akikimbiza nyani kwenye miteremko na baridi ile, na asiwepo wa kugundua ameacha kukanyaga. Na kumlaza, daktari mwema hatalikataa siku maumivu yatakaposhinda dawa. Mbwa wa umri wake ambaye bado hajachunguzwa hajafika huko, ingawa naelewa kwa nini mume wako amelitaja: anafikiria kuku na usiku. Je, mmejaribu kumwuliza anaogopa nini hasa? Mbwa anayebweka uani bila kukimbia bado anaamsha nyumba. Taa nje na komeo jipya la banda vinaweza kumpunguzia hofu inayomfanya aharakishe.

Sasa mama. Swali lako la mwisho umelibeba kama ungamo na mimi sioni dhambi. Lakini sidhani mume wako alikuwa anazungumzia mbwa. Mtoto anayemwona mama yake akishuka ngazi kwa kujishikilia ukutani, kisha akasikia fizio ametajwa kwa jina la mwingine, maneno yanamtoka kabla hajayapanga. Nami nakuuliza bila lawama: kati yenu yupo aliyekaa na mama akamwuliza magoti yanamzuia nini? Kwenda kanisani au msikitini, kuchuchumaa chooni, kupanda daladala? Jirani yenu ni fizio wa watu. Mikono inayomkanda Jeki ilisomea magoti ya mama, na mimi ningetamani kujua kwa nini haikufika kwake. Huenda yeye mwenyewe alikataa. Huenda hakuna aliyeuliza. Diklofenaki anazozimeza mwaka hadi mwaka zinastahili daktari wake kuziangalia, figo na shinikizo la damu vikiwemo, hata kama mbwa asingekuwepo.

Usilifanye kuwa biashara ya "tumpeleke mama ili mbwa aruhusiwe". Mume wako ataliona, na mama ataliona kabla yake. Yaende kila moja kwa miguu yake. Na binti wa Uingereza mshukuru, kisha mweleze kwamba pesa hizo zina uzito mezani kwenu. Anaweza kukubali zisubiri. Anaweza pia, akiambiwa, kusema sehemu iende kwa bibi, lakini hilo liwe lake kusema, na mume wako alisikie kutoka kwake akiwa amepigiwa simu yeye mwenyewe, siyo kupitia kwako. Akiba ya kikoba iguse tu baada ya ninyi wawili kukubaliana kiasi ambacho hamtakipita, kwa sababu matibabu ya mnyama yana tabia ya kuongezeka kidogo kidogo, na aibu ya kusema "tumefika mwisho" huwa kubwa zaidi ukiwa tayari uko kaunta.

Kijana anahitaji kazi kwenye jambo hili. Mpe video. Mwambie pia kwamba huenda aliona sawa, na umwambie baba yake akiwepo.

Ukiamua kwenda kwa daktari, popote pale, beba vitu hivi: video, jina la zile sindano, na tarehe ya mwisho Jeki kupewa diklofenaki. Hiyo tarehe usiibahatishe. Muulize mama vizuri na bila kumgombeza, maana zipo dawa za maumivu ambazo daktari hataanza kumpa mpaka hiyo iwe imemtoka mwilini.